Udongo Haupiti Kwenye Waya

Coyhaique, saa mbili asubuhi. Jiko la kuni linakohoa pembeni.
Ndani wamo kumi na mmoja, makoti hawajavua.
Ukutani wapo tisa, kila mtu na kisanduku chake:
wawili wana nyuso,
saba ni majina tu.

"Mnanisikia?"
Sauti yangu inakwenda, inazunguka, inarudi imechoka.
"Tunakusikia, Profesa," anajibu mmoja,
nami nimeshaanza sentensi nyingine.

Waraka wa mkuu wa kitivo ulikuwa mfupi:
nusu darasani, nusu mtandaoni, kwa usawa.
Neno *usawa* alilipigia mstari.
Hakusema udongo utapitaje.

Maana somo langu ni la vidole.
Chukua udongo kiasi cha yai, dondoshea maji, finyanga,
usukume kwa dole gumba utoke utepe.
Ukikatika upesi, mchanga umezidi.
Ukirefuka ukaning'inia kama ulimi wa ndama,
huo ni mfinyanzi, na mvua ikija utateleza.
Miaka kumi na tisa nimefundisha hivyo,
kucha chafu, ubao mtupu.

Wiki ya kwanza niliwasahau wa ukutani. Sifichi.
Yessenia akaandika: "Profesa, tunaona sweta yako tu,
tena mgongoni."
Darasa likacheka.
Mimi kicheko kilinijia usiku, kikiwa kichungu.

Wiki ya pili niliwasahau wa ndani.
Nilivyoikodolea kamera, utadhani inanidai!
Rubelindo akalala mstari wa mbele,
shavu juu ya sampuli namba nne.

Nikarudi nyumbani nikiwa nusu mwalimu mara mbili,
na hesabu hiyo, piga upendavyo,
haikutoa mwalimu mmoja.

Wiki ya tatu nikasema: mlio mbali, chimbeni hapo mlipo.
Visanduku vikaanza kufunguka.
Yessenia, Puyuhuapi, na tope jeusi la msituni
ndani ya sufuria ambayo mama yake anaitafuta mpaka leo.
Doralisa na kokoto za barabarani, akiona haya.
Kisha Eliecer, Puerto Ibáñez, ndani ya gari bovu la baba yake,
maana hapo tu ndipo mtandao unapomfikia.
Kiganjani ana unga wa kijivu:
jivu la mlima uliolipuka kabla hajazaliwa.

"Haushikani, Profesa. Nikiubana unanikimbia.
Lakini ngojeni, sikilizeni."
Akasogeza ngumi kwenye maikrofoni, akasugua.

Jiko lenyewe likaacha kukohoa.
Kumi na mmoja wakafumba macho bila kuambiwa.
*Krr. Krr.*
"Unasaga kama kioo," akanong'ona Rubelindo,
akiwa macho kuliko siku zote.

Hapo mtandao ukakatika.
Eliecer akabaki ukutani, ameganda, kiganja wazi,
kama mtu anayengoja chenji yake.

Alhamisi basi likaleta mkebe wa maziwa ya unga
uliozungushiwa gundi mpaka hauonekani.
Tukauvunja kwa bisibisi.
Mikono kumi na miwili ikaingia kwa zamu, ikatoka mizee.
Tukaielekeza kwenye kamera.
Eliecer alikaa kimya sana, nikadhani ameganda tena.
Kisha akauliza: "Na wa kwenu huko ukoje?"

Hatukuwa tumefikiria kumpelekea.
Bajeti ina fungu la maikrofoni, fungu la leseni;
nauli ya udongo haimo.
Nimelipa mwenyewe, mikebe tisa, basi la Jumatatu.

Jioni najaza fomu ya mahudhurio.
Safu mbili: *waliokuwepo*, *waliokuwa mbali*.
Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lipo. Limenijaa chini ya kucha,
nimenawa mara tatu halitoki,
na kalamu imesimama katikati ya safu.